Vifaranga 63 tangi moja: nani koi, nani samaki wa dhahabu?

Baba Achieng, Mamboleo, Kisumu

Habari zenu wafugaji. Nyuma ya nyumba nina bwawa la saruji, mita 3 kwa 2, maji yanafika kiunoni. Wamo koi sita, wale samaki wa mapambo wanaokua wakubwa, na samaki wa dhahabu tisa, na huu ni mwaka wa pili wanakaa pamoja bila shida. Mvua za masika zilipoanza niliweka gugu maji liwape kivuli, na asubuhi moja nikakuta mizizi imejaa mayai madogo kama punje za wimbi. Nikajua wazazi watayala, nikahamishia mimea yote kwenye tangi la plastiki la lita 500.

Sasa ni miezi mitatu. Jana niliwahesabu: 63. Wakubwa wana sentimita 7, wadogo 3 tu. Kumi na mmoja wana rangi ya chungwa, wanne ni weupe, waliobaki wote ni kahawia na siwezi kusema nani ni mtoto wa nani. Binti yangu nimemwahidi samaki wa dhahabu watano wa tangi lake la kioo la lita 80, na sitaki kumpa koi bila kujua. Nitawatenganishaje? Watakaozidi nimewaza kuwaachilia mto Kibos.

Fundi wa Matangi, Kakamega

Ngoja rangi zitokee, ndugu. Mwenye mabaka ni koi, wa rangi moja ni dhahabu. Mimi hufanya hivyo.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Ndugu yangu wa Kakamega, niruhusu nikupinge, maana njia hiyo iliniumiza. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nilichagua vifaranga wanane wa rangi ya chungwa tupu, nikampelekea jirani hapa Section 58 nikimwambia ni samaki wa dhahabu. Watano walikuwa koi. Mwaka haujaisha walikuwa hawana pa kugeukia mle tangini. Maji yalichafuka siku mbili tu baada ya kubadilishwa, na amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe, ikawaua watatu. Nikipita langoni kwake bado nawakumbuka.

Samaki wa dhahabu huanguliwa akiwa kahawia au kijani kilichofifia. Wengi hubadilika baada ya miezi kadhaa, wengine hupitisha mwaka, na wachache hubaki hivyo maisha yao yote. Koi nao, wazazi wasipochaguliwa kwa makini, huzaa watoto wengi wa rangi ya matope. Na wekundu uliochanganyika na weupe utaukuta kwa wote wawili.

Baba Achieng, tazama mdomo. Koi ana masharubu manne: mawili kwenye pembe za mdomo, na mengine mawili mafupi zaidi juu ya mdomo wa juu. Samaki wa dhahabu hana hata moja. Wewe ni mtu wa Kisumu, kambare unamjua; ya koi ni ya namna hiyo, ila mafupi na machache. Kinachosumbua ni kwamba kifaranga akiogelea masharubu hulala shavuni, na ukimtazama kutoka juu huoni kitu. Chukua jagi la kioo, litie maji ya tangi lilelile, mweke mmoja mmoja, mwache atulie, kisha mtazame kwa ubavu. Simu itakusaidia sana: piga picha, uikuze. Loanisha mikono kabla ya kumgusa. Na uifanye kazi hii alfajiri, kabla jua la huko halijapasha maji, kwa sababu maji yakipata joto oksijeni hupungua.

Hao wa sentimita 3 usiwahukumu upesi. Usipoona masharubu mrudishe, umtazame tena baada ya wiki tatu.

Umbo pia husaidia kadiri wanavyokua. Koi hurefuka, pua yake ni ndefu kidogo na mdomo umeelekea chini. Samaki wa dhahabu ni mfupi, tumbo limejaa, mgongo umeinuka. Ukubwa peke yake usiuamini, kwa sababu koi waliobanana tangini hudumaa.

Kwa kuwa wazazi wametaga pamoja, tegemea chotara. Huyo huwa na masharubu mafupi sana, mara nyingi jozi moja tu, na kwa kawaida hazai.

Na kuhusu lita 80: samaki wa dhahabu watano ni wengi mno. Mpe binti wawili wadogo, na wakikua warudi bwawani.

Muuza Samaki, Naivasha

Hilo la mto Kibos tafadhali usilifanye. Samaki aitwaye kapu tunayemuuza hapa ni jamaa wa karibu kabisa wa huyo koi. Masharubu yake manne nayashika kila siku. Hakuwa samaki wa ziwa letu. Alianza kuonekana mwaka 2001, na haikufika miaka kumi akawa ndiye anayejaza mashua. Anafukua tope akitafuta chakula na kuyavuruga maji. Mimi namuuza na watoto wangu wanakula kwa ajili yake, lakini Naivasha ya utotoni mwangu haikuwa hivi. Wagawie wenye mabwawa.

Baba Achieng, Mamboleo, Kisumu

Mwalimu, asante sana. Leo tumeanza saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikiwa na jagi, Achieng akiwa na simu na daftari. Koi 38, dhahabu 14, chotara wanne wenye jozi moja ya masharubu kama nyuzi, na saba ni wadogo mno, hatukuwaandika popote. Kati ya wale kumi na mmoja wa chungwa, sita ni koi. Mmoja wao ni yule ambaye binti alikuwa ameshampa jina, na alilia kidogo alipoona picha. Tumekubaliana abaki bwawani, na chakula cha jioni atampa yeye.

Dada wa Naivasha, mto nimeuacha. Jamaa wawili wa Riat wenye mabwawa wamesema watachukua koi thelathini. Wale saba tutawatazama tena mwisho wa mwezi.