Tupeane uzoefu: marehemu kaacha madeni, mlimalizanaje na wadai?

Wakuu, kaburi la baba halijakauka, simu za wadai zikaanza. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, nikamwambia kila mmoja: andika dai lako, ambatanisha ushahidi. Wengi waliokuwa wanapiga kelele sikuwasikia tena. Aliyenishangaza ni fundi mmoja mzee. Karatasi hana, ila tarehe na kiasi alichotaja vililingana na daftari la marehemu mstari kwa mstari. Nikamlipa kabla ndugu hawajagusa chochote. Wamenuna, lakini msimamizi akigawa mali huku madeni anayajua, anaweza kudaiwa yeye binafsi. Nyie mlifanyaje?

Mjane: Pole mkuu. Kwangu ulikuwa mkopo wa benki. Afisa ananibana nisaini niendeleze rejesho la mume wangu. Shemeji akanizuia: usisaini kitu, ulizia kwanza bima ya mkopo. Kumbe marehemu alikatwa bima tangu mwanzo! Tukapeleka cheti cha kifo, salio likafutwa. Nawaza tu kama ningeshika ile kalamu.

Mdhamini: Una bahati, dada. Wa kwangu haukuwa na bima. Mkopaji akifa, udhamini haufi naye, walinifuata mimi. Nimelipa, nikatunza stakabadhi, sasa napanga foleni kwenye mirathi kama mdai mwingine yeyote.

Kitinda mimba: Sisi tulifuata sheria ya Kiislamu: mazishi, madeni, wosia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Shangazi akabisha kwamba Qur'an inataja wosia kabla ya deni, kwa hiyo wosia utangulie. Sheikh akafafanua kwamba katika kulipa, deni ndilo linaloanza. Hapo mama, aliyekaa kimya muda wote, akasema mahari yake hajamaliziwa. Ukumbi mzima kimya! Ni deni halali, na alilipwa mbali na fungu lake la urithi.

Mpita njia: Mbona mnawasema wadai tu? Waliokuwa wanadaiwa na marehemu je? Nao ni sehemu ya mali, ila hao hawapigi simu. Sisi tuliwapata kwenye meseji zake. Mmoja alikuwa mstari wa mbele kubeba jeneza.

Mjane: 😂 Kalipa?

Mpita njia: Nusu. Iliyobaki anadai marehemu alimsamehe. Tumemwambia alete shahidi.