Labido watano, tangi la lita 240: niwaongezee tausi, mbuna wengine au oska?

Pezi_la_Pili:
Wakuu naombeni mawazo yenu kabla sijaharibu mambo. Nina tangi la samaki la lita 240, urefu sentimita 120, filta ya nje ipo, mawe nimepanga upande mmoja, pH (kipimo cha asidi ya maji) inacheza kwenye 8 na joto 26. Ndani kuna labido watano (Labidochromis caeruleus, mbuna wa njano), wametulia hawana ugomvi na mtu, ila nimechoka kuona njano tupu. Nawaza njia tatu. Tausi, hawa Aulonocara, maana dume wao akiiva rangi unaweza kukaa mbele ya kioo nusu siku. Au mbuna wengine, hawa samaki wa mawe wa Ziwa Malawi, nimempenda sana auratus mwenye mistari ya dhahabu na nyeusi. Au oska, kuna jamaa ananipa mmoja wa sentimita 6 bure kabisa. Si wote siklidi, ukoo mmoja wa samaki? Mngekuwa nyie mngechukua yupi?

KichwaNgumu:
Ukoo mmoja hata perege yumo, sasa nae utamweka? Oska mtoe kwenye hesabu leo leo. Kwao ni Amerika Kusini, mabonde ya Amazon, maji laini yenye asidi kidogo, labido ni wa Ziwa Malawi wanataka maji magumu. Na hata suala la maji tukiliacha, huyo wa sentimita 6 akila vizuri baada ya mwaka ni samaki wa sentimita 25 na bado anakua, na oska kinachoenea mdomoni ni chakula. Mwambie jamaa asante.

Mama_Magamba:
Mi naongelea auratus tu maana nina uchungu nae. Niliwachukua wanne wakiwa wadogo, wa dhahabu wote, wazuri kweli, nikasema hawa watanogesha tangi. Baada ya miezi kadhaa mmoja akaanza kubadilika, mwili ukawa mweusi na mistari ikabaki ndo ya rangi ya mwanga, yani kama picha imegeuzwa, kumbe ndo dume kashika utawala. Kuanzia hapo hakuna aliyelala. Asubuhi moja nakuta labido wangu kajibana nyuma ya hita, kasimama wima kichwa juu, mkia umebaki vijiti tu, na yule mweusi yuko mbele yake anazunguka polepole kama askari wa zamu. Nikimtoa labido, anachagua mwingine. Melanochromis auratus sio wa kuchanganya na wapole, na usidanganyike na udogo wake dukani, wadogo wote wanaonekana malaika.

Bwana_Mchanga:
Tausi mkuu, mi sina kigugumizi. Labido ni miongoni mwa mbuna wachache wanaoweza kuishi na tausi bila kuwapa presha, wengine wengi wanawasumbua hadi tausi anapoteza rangi na kujificha. Ila ukichukua tausi badilisha mpangilio, hawa sio watu wa mawe wanataka mchanga mpana. Kuna kitu cha kuangalia ukiwa nao: anashuka karibu kabisa na mchanga, anatulia hewani kama kagandishwa, kichwa kimeinama, ana vitundu kichwani vinavyohisi mdudu anayetikisika chini ya mchanga, halafu ghafla paa, kazamisha mdomo. Nikianza kuwaangalia naacha kazi zote.
Shida ni majike. Majike wa tausi wa aina mbalimbali ni kijivu kijivu wote, hata wewe hutawatofautisha, na madume wenyewe ndo kabisa hawajali, mwisho wake unapata machotara. Chukua madume tupu, kila mmoja rangi yake, au aina moja tu na majike zake.

MziziwaFilta:
Namheshimu Bwana_Mchanga ila sikubaliani nae kwa tangi hili. Sentimita 120 ukiweka madume matatu manne ya tausi, mmoja tu ndo atang'aa, wengine watafifia wasionekane, sasa umefuata rangi umepata kijivu. Na kuna chakula. Mbuna wengi kazi yao ziwani ni kukwangua mwani kwenye mawe, utumbo wao mrefu, tausi anakula wadudu. Labido yuko katikati ndo maana anavumilia pote, lakini siku ukitaka kuongeza mbuna wa mwani utakuwa umeshajifunga, unawalisha tausi vyakula vizito na mbuna nao wanakula humo humo. Ndo huko watu wanakuja kulia samaki katuna tumbo, hataki kula, kinyesi cheupe kama uzi.
Mi ningechukua Iodotropheus sprengerae, yule wa rangi ya kutu na zambarau. Dukani hana mvuto kabisa, watu wanampita, ila nyumbani chini ya taa akikomaa ni zambarau ya kweli, na ana roho safi. Mkubwa wake ni kama labido tu, sentimita 10 hivi.

Pezi_la_Pili:
Auratus na oska nishafuta. Demasoni je? Yule mdogo wa bluu na nyeusi, mbona anaonekana hana nguvu.

MziziwaFilta:
Haha, huyo sentimita 8 ila moyo wa simba. Anawachukia wa aina yake kuliko mtu yeyote. Ukiweka wanne, baada ya muda utakuwa na mmoja. Wanaomfuga wanaanza na 12 kwenda juu ili kipigo kigawanyike, hakuna anayebeba chote peke yake. Kwako ukishaweka 12 nafasi ya wengine imeisha. Na usije ukaweka zebra mwekundu (Maylandia estherae) na labido, wanazaliana, baadae una samaki wa rangi ya chungwa iliyopauka hajulikani ni nani.

Bwana_Mchanga:
Hapo kwenye madume kufifia nakubali, kwa urefu huo itatokea. Basi chukua hao wa kutu, ila mkuu usinunue wawili wawili kama viatu. Dume mmoja majike matatu au zaidi, ukiweka jike mmoja atakimbizwa hadi afe.

Mama_Magamba:
Na siku ya kuwaingiza usiwamwage tu. Toa mawe yote upange upya, labido kila mmoja ana pango lake na mlango wake, ukivuruga ramani wote wanakuwa wageni siku moja. Ingiza wapya kwa mkupuo, zima taa. Mawe yakae juu ya kioo cha chini kwanza ndo umwage mchanga pembeni, ukiyaweka juu ya mchanga watachimba chini yake na jiwe litashuka.

KichwaNgumu:
Ongeza na mawe yafike karibu na juu, sio upande mmoja. Anayekimbizwa akikosa kona ya kupotelea ndo anaishia nyuma ya hita.

Pezi_la_Pili:
Mrejesho. Nimeingiza wa kutu saba, naamini madume wawili, mawe nimepandisha pande zote mbili na katikati nimeacha uwazi wa mchanga. Siku mbili za kwanza kulikuwa na kufukuzana sana, sa hivi kila mtu na pango lake na mikia yote mizima. Ila kuna labido mmoja ananitia wasiwasi, siku ya tano hii hataki kula kabisa, nikirusha chakula anakigeukia halafu anaacha, kidevu kimevimba na anakuwa kama anatafuna kitu muda wote. Nimtoe nimtibu?

Mama_Magamba:
Weee usimguse! Huyo ana mayai mdomoni, hapo anapotafuna anayageuza. Atakaa hivyo wiki tatu mpaka nne bila kula cha maana. Ukimfukuza na wavu leo akishtuka anayatema au anayameza.

Pezi_la_Pili:
Wavu nilikuwa nao mkononi tayari. Naurudisha kwenye ndoo.