Biokemia au maabara za afya? Mdogo wangu yuko njia panda

Mwana Kongwa
Habari za jioni ndugu zangu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na maksi zinamruhusu. Anataka biokemia. Mwalimu wao aliwahi kuwaeleza jinsi seli inavyoivunja sukari hatua kwa hatua hadi ipate nguvu, na tangu siku hiyo haambiliki. Baba anataka asome maabara za afya, maana ajira yake inaeleweka. Mliopita huko mnasemaje?

Fundi Pipeti
Nimesoma biokemia, miaka mitatu. Wa maabara za afya anafundishwa kumpima mgonjwa na kutoa majibu, kisha anasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Wa biokemia anajifunza kwa nini kipimo chenyewe kinafanya kazi: vimeng'enya (vile vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali ndani ya seli), protini, DNA. Ukiwaona wamevaa makoti meupe utadhani ni kitu kimoja. Mimi nilidhani hivyo. Nikapeleka barua ya kazi hospitali moja, swali la kwanza likawa namba ya usajili. Sikuwa nayo, na siku ile nililia. Kama moyo wa mdogo wako uko kwa wagonjwa, baba yuko sahihi kabisa.

Mama Zabibu
Fundi, pole, lakini usimfungie milango yote. Hapa hapa Dodoma kuna zabibu. Chachu inageuza sukari ya zabibu kuwa pombe, na mwaka 1897 Eduard Buchner alionyesha kwamba hata majimaji ya chachu iliyosagwa, yasiyo na seli hai, yanafanya kazi hiyo. Akapata Nobeli mwaka 1907. Somo zima la vimeng'enya limesimama hapo, nasi tunaliishi kila msimu wa mavuno tunapopima sukari na asidi.

Halafu sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu. Mmesahau 2016? Watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye ukungu. Ile sumu huioni kwa macho, na hata ukipika haiondoki. Lazima mtu akae maabara aipime kwenye mahindi na karanga kabla hazijafika jikoni. Huyo hagusi mgonjwa hata mmoja, ila anaokoa kijiji.

Mwalimu wa Nkuhungu
Msishikilie jina la kozi. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iko Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia; SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko Bioteknolojia na Sayansi za Maabara. Fungueni mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), msome masomo ya kila mwaka, muulize saa za vitendo. Na akitaka utafiti ajiandae kwa shahada ya pili, mapema.

Fundi Pipeti
Mama Zabibu, nakubali. Mimi mwenyewe sasa nauza vitendanishi, zile kemikali za kupimia, na kuwaelekeza watu wa hospitali kutumia mashine. Mashine ikitoa majibu ya ajabu, ile biokemia ndiyo inayoniambia pa kuanzia. Naipenda kazi hii. Ningependa tu ningeijua njia yake tangu mwanzo.

Mwana Kongwa
Asanteni sana. Nimemsomea yote, baba akiwa amekaa pembeni. Ya wagonjwa, mdogo wangu hakuuliza hata moja. Kauliza sumukuvu inalifanya nini ini, na kama joto la jiko haliiui, je, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja? Baba kanyamaza, kisha kaniambia nimtafutie huo mwongozo wa TCU. Mama Zabibu, hilo la kimeng'enya unaweza kumjibu?