Mjadala: Ati chini ya Tanga imelala volkano?

Binti Ngamiani: Wanajamvi, jumapili nilimpeleka bibi Amboni kwenye maji ya moto, magoti yanamtesa. Harufu ya kiberiti ilitupokea kabla hatujayaona maji. Aliyetutembeza akasema chini ya Tanga kuna volkano. Ni haki kuwaambia wageni hivyo? Nasikia kuna mji Marekani, jina limenitoka, wao wanayo kweli.

Mwana Chumbageni: Jackson, Mississippi. Ilizimika zaidi ya miaka milioni 65 iliyopita, kilele chake kiko kama futi 2,900 chini ya ukumbi wa Coliseum. Waliochimba mafuta na gesi walikutana na mawe yake. Sisi tuna harufu tu! Mapango ya Amboni ni mawe ya chokaa, yamechimbwa na maji, si moto. Huyo mtembezaji ndiye yuleyule wa mbwa kuingia Amboni akatokea Kilimanjaro.

Mzee wa Kiomoni: Hapo kwa mbwa umenigusa. Hiyo nimepewa na babu yangu mzaa mama, na babu hakuwa mwongo.

Mwana Chumbageni: Shikamoo mzee. Babu simvunjii heshima. Ila Kilimanjaro ni zaidi ya kilomita 250. Alikula nini njiani?

Mzee wa Kiomoni: Marahaba. Popo wamejaa mle, hukuwaona? Au uliishia mlangoni ukapiga picha?

Mama Pongwe: Mimi la mbwa silijui. Linaloniuma ni kuwaita vijana wetu waongo. Mwanangu anatembeza wageni pale, anarudi magoti yote tope. Nani amewahi kumfundisha habari za mawe?

Mwana Chumbageni: Mama, sikumtaja mwanao.

Mama Pongwe: Ulisema "huyo mtembezaji". Wako wangapi?

Binti Ngamiani: Jamani, swali langu lilikuwa volkano. Kama haipo, maji yanachemshwa na nini?

Mwana Chumbageni: Ardhi yenyewe ina joto kadiri unavyoshuka. Maji yakizama mbali kwenye nyufa yanarudi juu yakiwa ya moto, bila volkano yoyote. Mama, nisamehe, nilikosea kauli. Afundishwe basi, wageni waambiwe kweli. Na ya mbwa iitwe hadithi.

Mzee wa Kiomoni: Hadithi? Jumamosi saa mbili asubuhi nipo mlangoni pa pango. Njoo na tochi mbili, moja itakuzimikia.