Tamthilia yetu imefika kipande cha 412 na mwenye pesa hataki iishe. Nishaurini

Kalamu Kavu:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Naandika skripti za tamthilia moja ya hapa Dar, jina naliacha. Tuko mwaka wa sita. Juzi tupo seti, mama mwenye nyumba kaiona barua ya mkopo wa siri wa mumewe, anaanza kulia. Yule dada anayeigiza akashusha karatasi akaniambia, "Kaka, haya maneno nilishayasema. Na kitenge kilikuwa hiki hiki." Nikadhani utani. Usiku nikafungua mafaili ya zamani: kipande cha 97. Neno kwa neno, hadi pale anaposema nyumba imejengwa kwa jasho lake. Nilishasahau kabisa kwamba niliandika mimi.

Mwenye pesa anasema matangazo bado yanaingia, kwa nini tufunge duka. Mimi naona tumeisha. Lakini kuna watu ishirini na kitu wanakula hapo, kuanzia waigizaji hadi mama anayetupikia wali maharage, na wengine wana mikopo kwa kuitegemea kazi hii. Nitajuaje kama iliyochoka ni hadithi au ni mimi?

Mzee wa Rimoti:
Mkuu, sisi watazamaji huwa tunajua kabla yenu. Siku hizi mtu akifa kwenye tamthilia, nyumbani kwangu hakuna anayelia. Mke wangu anauliza tu, "Atarudi lini?"

Chumvi Nyingi:
Mlete pacha wake.

Kalamu Kavu:
Pacha alishakuja mwaka wa tatu.

Chumvi Nyingi:
Basi mlete mama wa hao mapacha.

Dada wa Sinza:
Acheni utani, kaka wa watu ana shida. Jipime hivi: chukua wahusika wako wakubwa, kila mmoja muandikie anataka nini. Sizungumzii yatakayompata, nazungumzia anachokitaka. Ukijibu bila kuhangaika, hadithi ipo hai, wewe pumzika mwezi mzima, mwachie mwenzako kalamu. Ukikuta wote walishapata walichotaka huko kwenye kipande cha 200, na tangu hapo ni ajali, kutekwa na kupoteza kumbukumbu, basi mnaivalisha maiti suti.

Ile tamthilia ya Marekani, Breaking Bad, ilianza 2008 ikafungwa 2013, vipande 62 tu, na ilifungwa wakati watu wanazidi kuifuata. Mhusika wake mkuu, yule mwalimu wa kemia, alikuwa na anakokwenda. Alipofika, wakazima taa.

Jirani wa Kisauni:
Huku kwetu Kenya, kile kipindi cha vichekesho cha Papa Shirandula kilikuwa cha kila mtu, bara na pwani. Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa mwenyewe, alipofariki Julai 2020, nani angevaa ile sare ya mlinzi? Nyinyi nguzo yenu ingali hai. Mpeni mwisho aucheze mwenyewe.

Bado Nipo:
Mimi napinga haraka ya kuua. La Casa de Papel, tamthilia ya genge la wezi, iliisha 2017 huko kwao Hispania, wizi umekwisha, watu wamekwenda zao. Netflix wakainunua, dunia nzima ikaiona, wakatengeneza nyingine hadi 2021. Wangeichakaza kwanza, nani angeitaka? Nadhani hapo nimewasaidia wenzangu badala ya kuwapinga, lakini haidhuru.

Fundi Taa:
Nazungumza kama mtu wa nyuma ya kamera. Sisi hatuogopi mwisho, tunaogopa kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu hakuna kazi. Kuna kazi moja ilitufanyia hivyo: tumefika, geti limefungwa, taa zangu mbili zikakaa humo ndani miezi miwili nikiwa nazikodi za mwenzangu. Kwa hiyo, kaka, usiende kwa mwenye pesa kumwambia umechoka. Nenda na tarehe. Waandaaji wa tamthilia ya Marekani, Lost, walikubaliana na kituo chao cha televisheni, ABC, mwaka 2007 kwamba itaisha 2010. Kipande cha mwisho watu wanakibishania hadi leo, ila waandishi walijua wamebakiwa na njia kiasi gani. Sisi tukiujua mwezi wa mwisho, tunatafuta kazi nyingine taratibu. Na matangazo mwambie hivi: mwisho uliotangazwa mapema huwarudisha hata walioacha kuangalia.

Kalamu Kavu:
Nimefanya zoezi la Dada wa Sinza. Wahusika tisa, sita nimeshindwa kuwajibia. Mmoja nimegundua hajataka kitu chochote tangu mwaka wa pili, anafungua mlango na kuleta chai tu.

Leo asubuhi nimemfuata mzee wetu anayeigiza baba mwenye nyumba, nikamwambia nafikiria vipande 40 halafu basi. Akanyamaza, akachovya chapati kwenye chai, akala yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani mnasubiri nife."

Kesho naenda kwa mwenye pesa. Tarehe ninayo.

Chumvi Nyingi:
Na pacha unampeleka wapi?