Je, mwenye muswada wa kale ana haki ya kuukata na kuuza ukurasa mmoja mmoja?

Mleta mada: Wadau, kuna watu wananunua miswada (vitabu vilivyoandikwa kwa mkono) ya Kilatini ya Zama za Kati, wanaifumua na kuuza kurasa moja moja. Mimi nasema biashara hii ipigwe marufuku, na vitabu vinavyoumia zaidi ni sharhi za falsafa, yaani vitabu vya kufafanua maandishi ya mwandishi mwingine.

Chukueni sharhi ndefu ya Ibn Rushd (1126–1198), mwanafalsafa wa Cordoba, juu ya kitabu cha Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kuhusu nafsi. Aliiandika kwa Kiarabu, lakini maandishi kamili ya Kiarabu yamepotea. Leo tunaisoma nzima kwa sababu karne ya 13 ilitafsiriwa kwa Kilatini, kisha wanakili wakaiandika kwa mkono kwenye ngozi. Wangekuwapo wakata vitabu tangu zamani, hoja zake tungezipata wapi?

Katika sharhi zilizopambwa, dhahabu na rangi aghalabu ziko mwanzo wa kila sehemu, kwenye herufi kubwa yenye nakshi. Kwingine kote ni maandishi madogo yaliyobanana. Mkataji anaifuata ile dhahabu. Kurasa chache zinagombaniwa mnadani, nyingine zinapata mnunuzi kwa shida. Na hoja ya falsafa haikai ukurasa mmoja: swali liko hapa, pingamizi mbele, jibu mbele zaidi.

Hata pembezoni mwa ukurasa kuna elimu. Paris ya Zama za Kati, wauza vitabu wa chuo kikuu waliwakodishia wanakili nakala rasmi vipande vipande, na mnakili aliweka alama pembeni kila kipande kilipoisha. Kwa alama hizo wataalamu wanajua muswada ulinakiliwa kutoka wapi. Ukitawanya kurasa, umevunja mfuatano huo.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, usisahau upande wa pili. Otto Ege, mwalimu wa sanaa wa Cleveland, Marekani, aliyefariki 1951, alikata miswada mingi. Zikatoka seti 40 za kurasa 50 kila moja, ukiwamo ukurasa wa sharhi ya Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13. Vyuo visivyo na uwezo wa kununua kitabu kizima vikapata ngozi na wino halisi. Tena ni mali ya mtu, kanunua kwa fedha yake halali.

Mleta mada: Faida hiyo kwa wanafunzi ni ya kweli, siibezi. Lakini ona gharama yake: mpaka leo wataalamu wanazisaka kurasa za Ege maktaba kwa maktaba ili waziunganishe upya kwa picha za kompyuta, na nyingine hazijapatikana. Mwanafunzi angeweza kuonyeshwa kitabu kizima cha kuazimwa. Kuhusu mali, kitabu cha miaka 700 kimepita mikono mingi iliyokitunza. Fedha ya mmiliki wa mwisho haifuti haki ya watakaokuja kukisoma.

Kwa hiyo napendekeza kukata kitabu kuanzia sasa liwe kosa. Kurasa zilizokatwa zamani ziendelee kuuzwa.

Mchangiaji wa pili: Hapo umeacha mlango wazi. Mtu atakata leo, kesho aseme zilikatwa enzi za Ege.

Mleta mada: Hoja nzito hiyo. Basi jukumu la kuthibitisha liwe la muuzaji: alete katalogi au risiti ya zamani inayoonyesha ukurasa ulikuwa umeshatengwa. Asipokuwa nayo, mnada usiupokee, na maktaba zisinunue hata kwa bei ya chini.