Nimechaguliwa kusomea uuguzi na hofu imenizidi: nijiandae vipi kabla ya kuripoti chuoni?

Mwanafunzi mtarajiwa, Sumbawanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Mimi ni kijana wa kiume mwenye umri wa miaka 20. Mwaka huu nimechaguliwa kusomea Uuguzi na Ukunga katika chuo kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, nikianzia Astashahada ya Awali, yaani NTA ngazi ya 4. Nyumbani wamefurahi mno, baba ameuza ng'ombe ili kulipa ada, na majirani wameshaanza kuniletea watoto wao wenye homa niwaangalie ingawa sijasoma hata somo moja. Furaha yao ndiyo inayonibana, kwa kuwa kadiri siku ya kuripoti inavyokaribia ndivyo usingizi unavyonipotea, na sijathubutu kumwambia mtu yeyote kwamba ninaogopa.

Ninaogopa damu. Nilipokuwa shule ya msingi nilimsindikiza mwenzangu aliyejikata mguu kwa panga hadi zahanati, na kidonda kilipoanza kushonwa masikio yangu yalivuma, jasho la baridi likanitoka, kisha nikaanguka. Ninaogopa pia hesabu, ambayo nilipata F kidato cha nne, nami nimesikia kwamba muuguzi akikosea kukokotoa dozi anaweza kuua. Na kuna suala la leba: mimi ni mwanaume, na sijui mama aliye katika uchungu atanipokeaje.

Ninawaomba mlio kazini au chuoni mniambie kama hofu hii ni dalili kwamba njia hii hainifai, na kama kuna jambo ninaloweza kufanya katika wiki hizi zilizobaki.

Muuguzi wa wodi ya upasuaji, Moshi

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuchaguliwa. Hofu yako si dalili ya kutofaa. Nimesimamia wanafunzi wengi wodini, na miongoni mwao waliozimia siku za mwanzo wapo ambao leo wanasimama chumba cha upasuaji zamu nzima bila shida.

Nitajikita kwenye damu, kwa sababu hapo watu hushauriwa vibaya. Hofu nyingi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na ndiyo maana mtu anayeogopa nyoka au mtihani hazimii. Hofu ya damu na majeraha ina tabia yake: kwa baadhi ya watu mapigo na presha hupanda kwa muda mfupi, halafu vyote hushuka kwa ghafla, ubongo ukakosa damu ya kutosha, na mtu akaanguka. Masikio kuvuma na jasho la baridi unavyovieleza ndizo dalili za kushuka huko. Kwa hiyo ukiambiwa uvute pumzi na kulegeza mwili, ushauri huo unaofaa kwa hofu nyingine hautakusaidia hapa, kwa kuwa mwili tayari umelegea kupita kiasi.

Kinachosaidia ni kukaza misuli. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, pamoja na mwenzake waliieleza mbinu hii mwaka 1987, nami nimewafundisha wanafunzi wangu vivyo hivyo. Kaa kwenye kiti, kaza misuli ya mikono, mapaja na tumbo kwa wakati mmoja, ushikilie sekunde 10 hadi 15 mpaka uhisi joto likipanda usoni, kisha uiachie irudi katika hali ya kawaida bila kulegea kabisa, upumzike sekunde 20 hadi 30, urudie mara 5. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku tangu leo. Ukishazoea, fanya ukiwa unatazama picha ya kidonda, kisha ukiwa karibu na kuku anayechinjwa, hatua kwa hatua, bila kuruka. Lengo ni kwamba siku utakapoona mshono, mwili wako ujue la kufanya kabla akili haijaanza kutishika.

Ukishaingia wodini, mweleze muuguzi unayefanya naye kazi kabla ya utaratibu kuanza kwamba una historia ya kuzimia. Hatakudharau. Atakuweka mahali ambapo ukiyumba hutaangukia trei ya vifaa wala mgonjwa. Usisimame umekaza magoti kwa muda mrefu, na masikio yakianza kuvuma ondoka ukakae chini, uinamishe kichwa. Tena, kula kabla ya zamu. Hili ninalisisitiza kwa uchungu, kwa sababu wanafunzi wetu wengi huingia zamu ya asubuhi bila hata chai, wengine kwa kukosa fedha, na tumbo tupu huwaangusha hata wale ambao damu haiwatishi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mwanza

Kaka, karibu sana katika fani. Mimi pia ni mwanaume, na swali lako la leba ndilo lililonisumbua zaidi kabla ya kuanza, kwa hiyo nitalijibu hilo peke yake.

Kwanza, hutapelekwa leba wiki ya kwanza. Katika chuo chetu tulianza na mambo ya msingi: kutandika kitanda chenye mgonjwa, kumwogesha asiyeweza kuinuka, kunawa mikono kwa utaratibu, kupima joto, mapigo, upumuaji na presha. Tulifanya kwanza kwa mwanasesere wa mafunzo, kisha sisi kwa sisi, ndipo tukaenda wodini chini ya msimamizi. Unapofika leba unakuwa umeshawagusa na kuwahudumia wagonjwa wengi, na mikono yako haitetemeki tena kama siku ya kwanza.

Pili, mama aliye katika uchungu ana mambo mawili makubwa moyoni, maumivu yake na uhai wa mtoto wake, na anayemsaidia katika hayo humkubali upesi kuliko unavyodhani. Jitambulishe kwa jina, mwambie kwamba wewe ni mwanafunzi na kwamba mkunga wake yupo, mwombe ruhusa kabla ya kumgusa, na umweleze kila unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Funga pazia na umfunike asipohitaji kuwa wazi. Usimfanyie uchunguzi wa njia ya uzazi ukiwa peke yako naye. Awepo mkunga, tena ikiwezekana wa kike. Mwite mama hata kama ni mdogo kwako kwa umri. Wapo watakaokukataa, kwa sababu ya dini, mila au haya tu, na hiyo ni haki yao kamili: itikia kwa heshima, mjulishe msimamizi, uendelee na kazi nyingine. Usilichukulie kama tusi.

Kuna mengi ya kufanya leba ambayo hayamvunjii mama staha. Unaweza kukaa kando yake mkono ukiwa juu ya tumbo, ukihesabu mikazo ya uterasi katika dakika 10, na kila nusu saa ukasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, ukayajaza kwenye patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu. Mimi nilianzia hapo. Baada ya muda akina mama wenyewe walikuwa wakiniita niwasugue mgongo, na wahka wangu ulipungua kwa kuwa nilikuwa na kazi halisi mikononi.

Mwanafunzi mtarajiwa, Sumbawanga

Ninawashukuru kwa dhati, dada na kaka. Nimeanza kukaza misuli tangu jana. Kilichobaki kunikosesha usingizi ni hesabu za dawa, na nikiwa mkweli, kinachonitisha zaidi ya hesabu zenyewe ni kumdhuru mtu aliyeniamini.

Mwalimu wa mafunzo kwa vitendo, Dar es Salaam

Mwanangu, hofu hiyo ya mwisho ibaki nayo, ila tuipe kazi ya kufanya, maana ikikaa bila kazi ndiyo inayokukesha.

Hesabu ya dozi si ile iliyokushinda kidato cha nne. Huhitaji logi wala trigonometria; unahitaji kuzidisha, kugawanya, desimali, na kujua kwamba gramu 1 ni miligramu 1000 na miligramu 1 ni mikrogramu 1000. Chukua mfano wa mtoto mwenye kilo 10 aliyeandikiwa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 150. Chupa imeandikwa kwamba mililita 5 zina miligramu 120. Gawanya 150 kwa 120, uzidishe kwa 5, utapata mililita 6.25. Sasa dripu: mililita 1000 ziingie kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000, dakika ni 480, kwa hiyo ni kama matone 42 kwa dakika. Fanya maswali machache ya namna hii kila jioni kwa karatasi na kalamu, ukibadilisha uzito na dozi. Jiulize kila mara kama jibu linaingia akilini, kwa kuwa kosa baya zaidi ni nukta ya desimali iliyokaa mahali pasipo pake, nalo huonekana mara moja kwa mtu anayejiuliza inakuwaje mtoto mchanga apewe nusu chupa.

Kuhusu kudhuru, elewa jinsi kazi yetu ilivyopangwa. Mwanafunzi hatoi dawa peke yake. Kabla ya dawa kumfikia mgonjwa tunahakiki kwamba mgonjwa ni sahihi, dawa ni sahihi, dozi ni sahihi, njia ya kuitoa ni sahihi na wakati ni sahihi, na kwa dawa za hatari mtu wa pili hukokotoa upya bila kuangalia jibu la kwanza. Utaratibu huo uliwekwa kwa sababu kila binadamu hukosea, hata aliyepata A ya hesabu. Katika miaka yangu ya kufundisha, anayenitia shaka ni mwanafunzi anayenyamaza asipoelewa mwandiko wa daktari au anayebahatisha ili asionekane mjinga. Wewe umeuliza hata kabla hujafika chuoni. Endelea hivyo hivyo wodini, na ukiulizwa kwa nini unauliza sana, uliza tena.

Zungumza pia na baba yako. Mweleze kwamba unakwenda, na kwamba unaogopa. Mzazi aliyeuza ng'ombe anastahili kujua hali ya mwanawe, naye hatakwambia urudi. Chuoni, usingizi ukiendelea kukosekana baada ya wiki chache za mwanzo, au ukishindwa kula na kusoma, nenda kwa mlezi wa wanafunzi mapema, usingoje matokeo ya mitihani.

Katika wiki zilizobaki, nunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde na uwahesabie watu wa nyumbani pumzi zao kwa dakika nzima wakiwa wametulia. Mtu mzima huwa kati ya 12 na 20. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5 akiwa na kikohozi na pumzi zake zikafika 40 au zaidi, hiyo ni dalili ya kuwahishwa kituo cha afya. Hao watoto wa jirani wanaoletwa kwako usiwape dawa. Wahesabie pumzi, kisha waelekeze zahanati. Na ukiwa huko zahanati, uliza kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kama hukuwahi kuikamilisha, dozi ya kwanza ichome sasa, ya pili baada ya mwezi 1, na ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza, ili utakaposhika sindano wodini kinga iwe imeshaanza kujengeka. Kadi yake uje nayo chuoni.